Fimbo Kabla ya Chaki

Fimbo nilipewa Jumatatu. Chaki zilifika Alhamisi. Ilikuwa Januari 1976, kijijini kwetu upande wa Muleba, katika mkoa ambao wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi na sasa ni Kagera. Nilikuwa na umri wa miaka 16. Darasa la saba nilikuwa nimelimaliza juzijuzi tu katika shule hiyohiyo, na mwalimu mkuu aliyenikabidhi fimbo ndiye aliyekuwa akinichapa mwaka mzima uliotangulia. Ilikuwa fimbo ya mpera, imemenywa ganda na kukauka vizuri. Aliniambia, "Binti, hao darasa la pili usiwachekee siku ya kwanza. Ukiwachekea leo, mpaka Desemba hutawaweza." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kusimamia darasa, na niliishi nayo kwa zaidi ya miaka 30.

Wenye umri wangu wanakumbuka tulifikaje pale. Novemba 1974 chama tawala, TANU, kilikutana Musoma kikaazimia kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Lilikuwa azimio jema, na mimi ninayelisimulia ni tunda lake. Lakini watoto walikuwa mamilioni, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingekesha. Ndipo tukachukuliwa sisi, makumi ya maelfu ya vijana wa darasa la saba, tukafanywa walimu huku tukiwa bado wanafunzi. Asubuhi tulifundisha madarasa ya chini. Mchana tulisomeshwa na mratibu. Jioni tulisoma vijitabu vilivyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Hivyo kwa miaka mitatu, kisha wiki chache za chuoni na mtihani. Watu wakatuita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote, na wenye ulimi mkali wakasema herufi hizo maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Neno hilo lilituuma, na bado linaniuma.

Vijitabu vile vilinifundisha mengi. Nilijua kuandika azimio la kazi na andalio la somo, nikajua Elimu ya Kujitegemea inataka nini kwa shamba la shule, nikajua namna ya kufundisha sehemu kwa kukata chungwa. Sikumbuki ukurasa hata mmoja ulioniambia nifanye nini mtoto wa mstari wa nyuma anapomchoma mwenzake kalamu wakati mimi nimegeukia ubao. Pale kwenye pengo ndipo fimbo ilipokaa. Nimewaza jambo hili tangu nistaafu, na kila ninapoligeuza naliona vilevile: historia ya fimbo katika shule zetu za msingi ni historia ya somo ambalo walimu hawakufundishwa.

Neno lenyewe limetembea. Kiboko kwetu ni mnyama wa ziwani, mkubwa, wa kuogopwa na wavuvi. Ngozi yake nene ilikatwa mikanda, ikakaushwa, ikawa mjeledi. Na mjeledi huo ndio Wajerumani waliotawala nchi hii waliufanya chombo cha serikali. Babu yangu alikuwa mtoto wakati huo. Alisimulia habari za boma la Bukoba, lile alilolianzisha Emin Pasha mwaka 1890, na maneno mawili aliyoyatamka kwa sauti ya chini hata katika uzee wake: hamsa ishirini. Yaani viboko 25. Idadi hiyo haikuwa ya kubuni. Amri ya serikali ya Ujerumani ya mwaka 1896 ndiyo iliyoweka kikomo hicho kwa adhabu ya mara moja. Aliyechapwa aliandikwa, na hesabu za waliochapwa zilichapishwa katika ripoti za koloni. Mjeledi wa ngozi ulitoweka, jina likabaki. Leo mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kumwona mnyama huyo hata pichani anarudi nyumbani akisema amekula viboko vitatu.

Siwezi kumtwika Mjerumani mzigo wote. Pwani, walimu wa vyuo vya Kurani walikuwa na henzirani zao. Shule za misheni nazo zilichapa, na Waingereza walipoichukua nchi walikuja na desturi yao, maana kwao mtoto wa tajiri na wa maskini wote walichapwa shuleni. Wazazi wetu nao walikuwa na methali mkononi: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Vyote hivyo vilikutana katika chumba kimoja chenye madawati.

Baada ya uhuru fimbo ilipewa kanuni. Sheria ya Elimu ya 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na zile za 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Mwaka 2002 zikaja nyingine: visizidi vinne, fimbo iwe nyepesi, achapwe mkononi au makalioni juu ya nguo, liwe kosa kubwa, tena mwalimu mkuu mwenyewe achape, au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi kwa kila tukio. Kila adhabu iandikwe katika daftari. Na msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina.

Sharti hilo la mwisho lilitungwa kwa kumhurumia msichana, nami nalielewa. Lakini nifikirie mimi katika shule yenye walimu saba, sita wanaume. Hata kabla ya kanuni hizo ilikuwa desturi, na baada yake ikawa sheria: msichana wa darasa lolote akikosa, naitwa mimi. Nilitolewa katikati ya somo la kusoma nikachape msichana wa darasa la saba ambaye sikumfundisha, kwa kosa ambalo sikuliona. Wasichana walinikwepa njiani. Mmoja aliyevunja ungo akiwa shuleni, akachafua sketi, alikaa chini ya mwembe mpaka saa tisa badala ya kuja kwa mwalimu pekee wa kike aliyekuwapo. Nilijua habari hiyo miaka mingi baadaye, aliponisimulia akiwa mama wa watoto watatu.

Kuhusu daftari la adhabu nina ushahidi wa macho. Nilipokuwa Mratibu Elimu Kata nilikuwa na shule sita za kukagua, na daftari lilikuwa mojawapo ya vitu vya kuomba mezani. Katika shule moja nililetewa likiwa safi kama limetoka dukani. Lilikuwa na mistari ya tarehe, jina, kosa, idadi na sahihi, na kwa mwaka mzima waliochapwa walikuwa watano. Nyuma ya kabati la ofisi hiyohiyo palikuwa na mzigo wa fimbo umefungwa kwa kamba ya mgomba, nyingi zimechanika ncha. Sikumkaripia mwalimu mkuu. Shule niliyoiongoza mimi kabla ya hapo ilikuwa na daftari la namna hiyohiyo. Kutoka 25 hadi sita, kutoka sita hadi vinne, serikali zimepita zikishughulika na hesabu, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto hakuulizwa kama anajua njia nyingine.

Kuna asubuhi moja lazima niiandike. Ilikuwa Novemba, miaka ya themanini, msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Watoto walikesha kwenye taa za misheni wakiwaokota, na asubuhi nusu ya mstari ilikuwa ikisinzia. Zamu ilikuwa yangu. Mvulana wa darasa la tatu alifika wimbo wa taifa ukiwa umekwisha, miguu imelowa umande. Nilimwambia anyooshe mkono. Kwenye kiboko cha pili mkono mwingine uliokuwa ukibana mfuko wa kaptula ulilegea, senene wakamwagika kwenye vumbi na wenzake wakawarukia. Hakulilia mkono. Alililia senene, akijaribu kuwaokota kwa kiganja kilichovimba. Nilipomwuliza kwa ukali amewaleta shuleni kwa nini, alisema alitaka kuwauza dukani mapumziko anunue daftari. Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani siku mbili kabla kwa kukosa daftari.

Nilimalizia viwili vilivyobaki. Nilikuwa nimeshasema vinne mbele ya shule nzima.

Mwaka 2002, ada zilipokuwa zimefutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) umeanza, madarasa yalifurika kama wakati wa UPE. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 143, wengine wamekaa sakafuni mpaka karibu na miguu yangu. Sikuwachukia, nilifurahi kuwaona, hasa wakubwa wa miaka 11 na 12 waliokuwa wamekosa ada. Lakini mwaka huo ndio niliochapa kuliko mwaka mwingine wowote, nami nasema hivyo ili anayetunga sera ajue kwamba idadi ya watoto darasani na idadi ya viboko ni hesabu moja.

Kisha ikaja Februari 2009. Mkuu wa wilaya ya Bukoba, akiwa amekasirishwa na matokeo mabaya ya darasa la saba na uchelewaji, alizuru shule tatu za msingi na kumwamuru askari polisi awachape walimu. Walichapwa walimu 19. Nchi nzima ilishtuka, chama cha walimu kikapaza sauti, na siku chache baadaye Rais akamwondoa mkuu huyo wa wilaya. Siku habari zilipotufikia tulikaa ofisini na redio ndogo, hakuna aliyeweza kusahihisha madaftari. Mwenzangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema, "Mtu mzima kuchapwa mbele ya watoto wako! Utaingiaje darasani kesho?" Tulikubaliana naye kwa uchungu wa kweli. Kengele ilipolia tulisimama, na kila mmoja akachukua fimbo yake nyuma ya mlango. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja nilipoyasikia upya maneno ya yule mzee. Utaingiaje darasani kesho. Watoto wangu waliingia kila kesho.

Siku ile sikuiacha fimbo. Ningependa kusema niliiacha, lakini ingekuwa uongo. Niliishika kwa aibu, ndiyo tofauti pekee, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ulioongozwa na serikali pamoja na UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na wataalamu wa Marekani. Katika vijana wa miaka 13 hadi 17, zaidi ya nusu, wasichana kwa wavulana, walisema wamewahi kupigwa na mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi yetu kusomwa kwa sauti kama takwimu. Kenya ilikuwa imekwishapiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Zanzibar ilikuwa na shule za majaribio zisizotumia fimbo, zikisaidiwa na Save the Children. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 ilikataza adhabu za kikatili lakini ikaacha mlango wa adhabu "ya kiasi", na kila mwalimu alijipimia kiasi chake.

Mafunzo niliyapata 2013. Siku tano, katika kituo cha walimu, tukiwa walimu 34 na mwezeshaji mmoja, mama aliyewahi kufundisha chuo cha ualimu. Hakuanza na haki za mtoto. Aligawa karatasi akasema kila mtu aandike kiboko cha kwanza anachokikumbuka katika maisha yake: nani alikichapa, wapi, ulivaa nini. Nilidhani wengine wataacha karatasi tupu. Hakuna aliyeacha. Mwalimu mkuu mmoja, mzee kunishinda mimi, alisimama kusoma yake. Alikuwa darasa la pili, alijikojolea mstarini wakati wa kuchapwa, na dada yake akavua kitenge akamfunga kiunoni mbele ya watu wote. Alifika hapo akakaa. Hakuendelea, wala mwezeshaji hakumlazimisha.

Siku ya pili mwalimu wa kata ya jirani aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: "Mimi nina watoto 112. Mmoja akicheka, wote wamecheka. Nikiweka fimbo chini, nishike nini?" Mwezeshaji alitugeuza kuwa darasa, tukaambiwa tupige kelele, naye akafundisha. Alimsogelea mwenye fujo akasimama kando yake bila kukatisha sentensi. Alishusha sauti badala ya kuipandisha, nasi tukajikuta tunanyamaza ili tusikie. Mtundu mkubwa kuliko wote alimpa kazi ya kugawa vitabu. Sheria zake zilikuwa nne tu, zimeandikwa kwa kusema la kufanya, siyo la kuacha: tunanyoosha mkono, tunasikiliza anayesema. Karatasi ya kiranja ya majina ya wapiga kelele aliifuta kabisa, akasema inamfundisha mtoto mmoja kuwauza wenzake. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji fedha. Nililia usiku ule bwenini, nikiwa na miaka 53, kwa sababu mambo yale yangeweza kuandikwa katika kijitabu cha 1976.

Katika kata yangu shule mbili zilikubali kujaribu. Ya kwanza ilianza na wachelewaji. Mwalimu wa zamu aliwekewa daftari lenye nafasi ya sababu, na sharti likawa kuuliza kwa upole na kuandika jibu. Baada ya wiki mbili tulisoma pamoja. Wengi walitoka kitongoji kimoja ng'ambo ya bonde, na kila mvua ikinyesha usiku walisubiri mtu mzima awavushe. Shule ilikuwa imewachapa watoto wa kitongoji hicho kwa miaka, kwa kosa la maji. Wazazi walipangiana zamu za kuvusha, na uchelewaji ukapungua nusu kabla muhula haujaisha. Ya pili ilirudia fimbo mwezi wa sita. Matokeo ya mtihani wa majaribio wa wilaya yalikuwa yameshuka, mwalimu mkuu akaitwa kujieleza, na aliporudi nilimkuta ana fimbo mezani. "Mratibu," aliniambia, "wewe unanishusha fimbo, wao wananipandishia wastani." Sikuwa na jibu, kwa sababu fomu za wastani nilizikusanya mimi mwenyewe.

Waliopima mambo haya kwa kina wamekuta kitu kinachofanana na nilichokiona. Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziligawanywa makundi mawili, na nusu zikapata programu ya Shule Bora ya shirika la Raising Voices kwa miezi 18, ikiwahusisha walimu, watoto na uongozi wa shule nzima. Mwishoni, katika shule zisizoipata, karibu wanafunzi 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika zilizoipata walikuwa 31. Hapa kwetu, wahadhiri wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE) na wenzao wa Ujerumani walijaribu mafunzo ya siku tano na nusu katika sekondari, na miezi michache baadaye walimu na wanafunzi wote walisema kipigo kimepungua. Lakini katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, walimu wakimbizi wa Kikongo na Kirundi walikutana wenyewe kwa wiki kumi wakiongozwa na kitabu, na kipimo hakikuonyesha tofauti. Wapo waliokata tamaa kwa habari hiyo. Mimi niliyefundwa kwa kijitabu na redio sikushangaa. Kitabu hakiwezi kusimama nyuma ya darasa siku ya Jumatatu fujo zinapoanza, na walimu wale walibeba maisha ya kambini pamoja na darasa.

Vyuoni nako pengo lilikuwa bado. Oktoba 2016 ilisambaa video kutoka sekondari moja ya Mbeya: vijana kadhaa wakimpiga mwanafunzi ofisini kwa ngumi na mateke. Walikuwa walimu tarajali, waliotumwa shuleni kujifunza kazi. Walifukuzwa masomo, na watu wengi wakaona limekwisha. Mimi niliangalia video ile mara moja nikamwona msichana wa miaka 16 mwenye fimbo ya mpera.

Agosti 2018 mjini Bukoba mvulana wa miaka 13, wa shule ya msingi, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Mahakama ilimhukumu mwalimu huyo kifo mwaka uliofuata. Kikao chetu cha waratibu wiki ile hakikuwa na maneno mengi. Tuliandikiwa barua ya kuzikumbusha shule kanuni, nami nikazungukia shule zote sita nikaisoma: vinne, fimbo nyepesi, idhini ya maandishi. Nilipofika ya tatu sauti ilinikauka, nikampa mwalimu wa taaluma amalizie.

Muhula wangu wa mwisho kazini alikuja mwalimu tarajali kufanya mazoezi katika shule iliyokuwa karibu na ofisi yangu. Binti mwembamba, miaka 20, viatu vipya vya kumbana. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akaniuliza maswali mawili: andalio la somo anasaini nani, na fimbo zinawekwa wapi. Niliichukua rejesta ya darasa lake, darasa la tatu, nikamwambia asisimame mbele ya ubao mpaka ajue majina. Walikuwa 87. Kila asubuhi saa moja na nusu alisimama mlangoni rejesta ikiwa mkononi, akimsalimu kila anayeingia, akikosea, nao wakimcheka na kumsahihisha. Siku ya Jumatano alikuja ofisini kwangu akilia kwa sababu ya fujo, nikaenda kusimama naye darasani saa nzima, nikimwonyesha wapi pa kusimama. Ijumaa alikuwa amefika majina 61.